Ushahidi wa Goti la Kushoto

Mama mkubwa alilishika pindo la shuka la hospitali, akalinusa, akasema limesuuzwa mara moja tu, tena kwa maji yaliyokwisha kutumika. Alikuwa dobi. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa amefua nguo za watu, na sasa alilala chali kwenye kitanda cha chumba namba sita, gauni limepandishwa hadi mapajani, goti la kushoto wazi. Goti lilikuwa linanuka. Hilo nalo alilisikia, ila hakulitolea maoni.

"Tulia, mama," alisema fundi, akimpaka jeli pembeni mwa kidonda. "Itakuwa baridi kidogo."

"Baridi siiogopi. Naogopa Ijumaa."

Ilikuwa Jumanne. Ijumaa saa sita mchana daktari wa mifupa angechungulia kidonda, na kama bado kinatoa usaha, mguu ungeondolewa kuanzia juu ya goti. Alikwisha kuuwekea alama kwa kalamu ya bluu. Na mguu wa dobi si wa kuvalia kiatu tu. Mablanketi hayafuliwi kwa mkono, hukanyagwa ndani ya beseni, na mama mkubwa alikuwa mkanyagaji wa kushoto.

Fundi alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake. Mama mkubwa ndiye aliyemlea tangu hajaota meno ya mbele, akamsomesha kwa mashuka ya watu. Hospitali ilimpeleka kozi ya wiki mbili kujifunza mashine mpya, akarudi na cheti, na tangu hapo wanaomheshimu walimwita Fundi wa Mawimbi. Wengine walimwita Redio.

Mashine yenyewe ilitoa sauti kali mno, kali kiasi kwamba sikio la mtu haliipati. Sauti hiyo ilikusanywa mahali pamoja, kama watoto wanavyokusanya jua kwa kioo cha miwani mpaka karatasi itoboke. Ilipita kwenye ngozi bila kuiunguza, ikafika ndani kwenye nukta isiyozidi punje ya mtama, na hapo ikazua vipovu. Vipovu vikipasuka, bakteria waliokuwa jirani nao wanapasuka. Hakuna kisu wala kidonge. Vidonge mama mkubwa alikwisha kumeza vya kila rangi, na bakteria wake walivizoea, wakanenepa.

Wiki ya kwanza mashine ilifanya kazi kimya. Wiki ya pili bakteria wakaanza kusema. Sauti zao zilitoka kwenye kipaza sauti kidogo kilichowekwa kumtahadharisha fundi mashine ikipata moto. Wa kwanza walikuwa wa jipu la dereva mmoja wa lori. Walisema, "Jamani, jamani, kuna nini?" kisha wakafa. Daktari wa zamu aliitwa, akasikiliza huku mikono ikiwa mifukoni, akawaomba wapunguze sauti kwa sababu chumba cha pili kuna mtu wa shinikizo la damu. Wakapunguza. Karani wa kumbukumbu akaongeza safu kwenye fomu, akaiandika "Waliyosema," na kazi ikaendelea.

Kwa kawaida hawakusema la maana. Mfa maji hutapatapa, na mfa mawimbi hali kadhalika. Safu ilijaa maneno kama "tunaonewa" na "mngetuambia mapema tungehama." Wale wa koo la mwalimu mmoja walikufa wakisahihishana sarufi. Wale wa kidole gumba cha mheshimiwa mmoja waliahidi kwamba wakipewa muda wataleta maendeleo makubwa mguu mzima. Watu waliokaa kwenye benchi nje walizoea kuulizana, "Wako wamesemaje?" na aliyeambiwa wake wamekufa kimya alijiona amepunjwa.

Mama mkubwa alipangiwa awamu kumi. Katika tano za mwanzo bakteria wake walitukana tu, tena matusi ya nguoni, mpaka fundi akawa anakohoa makusudi ili mzazi wake asisikie. Siku hiyo ya Jumanne, kwenye awamu ya sita, mama mkubwa alichoka kutukanwa, akawageuzia maneno.

"Hebu ngojeni," alisema. "Mimi kazi yangu ni madoa. Doa usipojua limetoka wapi, hulitoi ng'o. La damu lina dawa yake, la kutu lina yake. Nyie mmetoka wapi?"

Matusi yakakoma. Hakuna mtu aliyewahi kuwauliza.

"Shikamoo, mama," ilisema sauti moja, ya adabu ghafla.

"Marahaba. Nimeuliza."

"Tumetoka kwenye mkasi. Ule mdogo uliopinda ncha, wa daktari wa mifupa. Tulizaliwa pale kwenye msumari unaoshika pande zake mbili, sisi na baba zetu na babu zetu. Kizazi chetu ni dakika ishirini, kwa hiyo ukoo ni mrefu. Siku unapasuliwa goti ndiyo siku tuliyohamia."

"Mkasi si unachemshwa?"

"Ulikuwa unachemshwa," ilisema sauti. "Siku hizi unapakwa rangi." Ikafa.

Fundi alielewa mara moja, na hasira ikampanda hadi masikioni. Alimfunga mama mkubwa bandeji, akamwambia asishuke kitandani, akateremka ngazi hadi chumba cha chini kabisa.

Humo ndani kulikuwa na Jungu. Ndivyo wafanyakazi walivyoliita lile pipa kubwa la chuma la kuchemshia vyombo vya upasuaji kwa mvuke. Msimamizi wake aliitwa Mpishi. Kazi ilikuwa hivi: mikasi na koleo hufungwa kwenye kitambaa, kitambaa kinabandikwa utepe wenye mistari hafifu, furushi linaingizwa Jungu. Mvuke ukiwa moto wa kutosha, mistari ya utepe inageuka nyeusi yenyewe. Mpasuaji akiona mistari myeusi anajua vyombo ni salama. Asipoiona hafungui furushi, hata mgonjwa awe amekwisha kulala meza ya upasuaji.

Mpishi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, furushi mapajani, akipaka mistari ya utepe kwa kalamu ya wino mnene. Hakuficha kitu. Alimsogezea fundi kiti.

"Tangu lini?" aliuliza fundi.

"Jungu liliungua koili mwezi wa pili," alisema Mpishi. "Nikaandika barua. Wakati nasubiri jibu, watu kumi na wawili walikuwa wamelala na njaa wanasubiri kupasuliwa, na daktari ananipigia kelele anataka mistari myeusi. Mimi ningefanyaje? Alitaka mistari myeusi, nikampa."

"Na vyombo?"

"Vyombo navifuta. Tena kwa kitambaa kisafi."

Alisema kweli, alivifuta. Alikuwa na mkono mtulivu, na mistari yake ilinyooka kuliko ile ya mvuke. Daktari wa mifupa aliwahi kumsifu mbele ya watu kwamba siku hizi Jungu linafanya kazi vizuri kupita zamani. Mpishi alitahayari siku ile, lakini sifa hailiwi wala hairudishwi, akaipokea. Tangu hapo wanafunzi wa uuguzi walikuja kujifunza kwake jinsi ya kupaka bila kuvuka utepe.

"Kwa nini hujaandika tena barua?"

"Nimeandika nne," alisema Mpishi, akapuliza wino ukauke. "Shida ni kwamba stoo wanaangalia kumbukumbu. Kumbukumbu zinasema kila furushi lina mistari myeusi. Chombo kizima hakiagiziwi koili."

"Basi acha kupaka!"

"Nikiacha, kesho hapasuliwi mtu. Na mstari wa kwanza nilioupaka nitausemaje?" Alimtazama kwa macho ya mtu asiyelala vizuri. "Ni goti la nani?"

"La mama yangu."

"Pole sana, dada," alisema Mpishi, na pole yenyewe ilikuwa ya kweli. Kisha akachukua furushi lingine, maana mgonjwa alikuwa anasubiriwa juu.

Habari za mkasi hazikuhitaji kupelekwa kwa Mkurugenzi. Ukuta wa chumba namba sita ulikuwa wa mbao nyembamba, na benchi zima lilisikia. Hadi jioni, wagonjwa watatu wa upasuaji walikuwa wameondoka kwa miguu yao wenyewe, mmoja akiwa bado amevaa kanzu ya hospitali iliyo wazi mgongoni. Jumatano asubuhi fundi alikuta mlango wa chumba umefungwa kufuli, na karatasi imebandikwa: MASHINE IKO KATIKA MATENGENEZO. Awamu nne zilikuwa zimebaki.

Mkurugenzi alimpokea kwa upole. Pembeni yake alikaa mwanasheria wa hospitali, mwenye faili ambalo halikuwa na kitu.

"Kwamba bakteria wanasema, hilo hatulikatai," alisema Mkurugenzi. "Sayansi inakwenda mbele. Tatizo letu ni kwamba wanasema saa za kazi."

"Wanasema ukweli, mheshimiwa."

"Wana maslahi binafsi," alisema mwanasheria. "Halafu hawajaapishwa. Na kila shahidi anakufa kabla hajaulizwa swali la pili. Hakuna mahakama itakayokubali."

"Lakini nendeni chini mkaone! Jungu limekufa."

"Tumekwenda," alisema Mkurugenzi. "Tumeona mistari myeusi." Akamuomba awanyamazishe bakteria, basi, yaishe kiungwana, na ufunguo atapewa.

Fundi alifunguliwa mlango kwa majaribio tu, akajaribu kwenye goti la mama mkubwa. Alikiziba kipaza sauti kwa mto, wale wakasemea kwenye chuma cha kitanda. Alipunguza nguvu ya mashine, wakashuka hadi kunong'ona, lakini kwa nguvu ile hawakufa. Walimshukuru kwa ubinadamu wake, wakaendelea na shughuli zao kwenye goti. Kilichowaua ndicho kilichowasemesha, haikuwezekana kuchukua kimoja ukaacha kingine. Hiyo ilikula Jumatano nzima, na saa kumi jioni mama mkubwa alikuwa na homa.

Usiku haujaingia Mkurugenzi akapata suluhisho, akalileta mwenyewe hadi kitandani. Ilikuwa karatasi moja. Ilisema kwamba mgonjwa aliyetajwa hapo chini anakiri kuwa bakteria wa goti lake walitoka nyumbani kwake, kutokana na hali ya usafi ya nyumba hiyo. Chini palikuwa na mstari wa saini. Akisaini, bakteria waseme watakavyo, watakuwa wanasema uongo na hospitali ina karatasi. Asiposaini, matengenezo ya mashine yatakwisha Jumatatu.

Mama mkubwa aliisoma mara mbili, miwani imeteremka puani.

"Mimi?" alisema. "Mimi mchafu?"

"Ni lugha tu ya kiofisi, mama."

"Makoti yako wewe nani alikuwa anakufulia, kabla hujanunua mashine? Kola zilikuwa zinakuja nyeusi kama chungu. Nilimwambia mtu? Nilimwambia nani?"

Mkurugenzi alitazama saa yake. Fundi alisimama upande wa pili wa kitanda, moyo umemgawanyika vipande viwili. Alitaka mama mkubwa aichane ile karatasi. Alitaka pia asaini, tena haraka, kabla homa haijapanda. Alijichukia kwa yote mawili.

"Mama, usisaini," alisema. "Tutatafuta hospitali nyingine."

"Ipi? Tutafika na nini, na huu mguu umebakiwa na siku mbili?" Mama mkubwa alivua miwani. Machozi yalikuwa yanamtoka, naye hakuyafuta. "Mwanangu, mimi sina shamba, sina mume, sina elimu. Nilikuwa na kitu kimoja tu, kwamba nguo ikitoka kwangu unaweza kuilaza kwenye uso wa mtoto mchanga. Sasa lipi likatwe, jina au mguu? Jina halikanyagi blanketi." Akanyoosha mkono. "Lete hiyo kalamu."

Alisaini kwa herufi kubwa, zinazosomeka, jinsi alivyokuwa akiandika majina ya wateja kwenye mafurushi yao.

Alhamisi zilipigwa awamu tatu mfululizo. Bakteria walisema mkasi, mkasi, mkasi, na benchi lilikuwa limekwisha kuelezwa kwamba ni uongo, kwa hiyo liliwasikiliza kama linavyosikiliza taarifa ya hali ya hewa. Homa ilishuka. Ijumaa saa tatu asubuhi, kwenye awamu ya kumi, alikuwa amebaki mmoja.

Alikuwa na sauti nzito, ya mtu wa makamo. Hakutukana.

"Kabla hujaongeza nguvu, binti," alisema, "nina neno. Karani yupo?"

"Yupo," alisema karani.

"Andika. Tumesikia habari ya ile karatasi. Sisi ni wauaji, hatukatai, tungemla huyu mama hadi kiunoni kama tungeachwa. Lakini kusingiziwa nyumba ya watu si haki. Alipotoka hospitali tulikaa kwake miezi miwili na nusu. Jamani! Yule anachemsha hadi kamba ya kuanikia. Vibanio vya nguo anavilaza kwenye maji ya chumvi. Wenzetu waliotoka kwenye bandeji kwenda kutafuta maisha pale nyumbani hakurudi hata mmoja. Tulikuwa tunaogopa kuchungulia nje. Tuliponea humu ndani ya goti tu, asikofika kwa sabuni. Umeandika?"

Karani alitazama safu. Ilikuwa na nafasi ya mstari mmoja, tena mfupi. Akaandika, "Alisema mengi."

Mama mkubwa alikuwa amegeuzia uso ukutani. Mabega yalikuwa yanatikisika.

"Asante, baba," alisema.

"Si kitu, mama. Utusamehe na ule usaha."

Fundi akaongeza nguvu.

Saa sita daktari wa mifupa alikuja na kisanduku chake. Alibinya kidonda kulia, akabinya kushoto, akanusa. Hakikutoa kitu. Alisema mguu unabaki, akachukua pamba yenye spiriti akafuta alama ya bluu mwenyewe, akamtania mama mkubwa kwamba amemkosesha kazi. Mama mkubwa alicheka kwa adabu. Aliteremka ngazi akishikilia ukuta, kisha akaacha kuushikilia, na uani akatembea hatua arobaini bila fimbo. Fundi alimfuata nyuma akilia kwa furaha, makamasi na yote.

Nyumbani, kamba ya kuanikia ilikuwa tupu. Jumamosi muuguzi mkuu, aliyekuwa akimletea sare zake tangu wote wawili wakiwa wasichana, alikuja kuchukua mbili zilizokuwa zimebaki. Alisimama nje ya mlango, hakuingia.

"Si kwamba siamini, dada yangu," alisema. "Nakujua. Lakini imeandikwa, na saini ni yako."

Mama mkubwa alimkunjia sare zile, akazipiga pasi mara ya pili ingawa hazikuhitaji, akampa. Halafu akaingia beseni la mablanketi yake mwenyewe, akayakanyaga hadi saa nane.

Jumatatu fomu mpya zilifika chumba namba sita, zimechapwa vizuri, za mwaka mzima. Mwanasheria alikuwa ameiboresha ile karatasi ikawa swali la kwanza. Koili haikuagizwa. Chini, Mpishi alikuwa amepewa msaidizi, maana upasuaji ulikuwa umeongezeka tangu ijulikane kwamba mashine ipo.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mshonaji wa nguo, kidonda cha tumboni, wiki tatu tangu apasuliwe. Fundi alimsomea swali bila kuinua macho.

"Nyumbani kwako ni pachafu kiasi gani? Kidogo, wastani au sana?"

"Kwangu si pachafu," alisema mshonaji.

"Hilo halipo, dada. Weka 'kidogo', halafu saini hapa chini."

"Na nisiposaini?"

"Mashine itakwenda matengenezo."

Mshonaji aliishika kalamu, akamwangalia usoni. "Mama yako angekuwa hapa nilipo, ungemwambia asaini?"

"Alisaini."

"Yuko wapi sasa?"

"Yupo. Anatembea," alisema fundi. Lilikuwa jibu la kweli, na aibu ikamshika hata hivyo, akainama kutafuta jeli.

Mshonaji alisaini. Fundi akawasha mashine, na bakteria wakaanza kueleza walikotoka.